Vikaratasi 20 vya Katniss: kwa nini vijana hawachoki na riwaya za dunia iliyoharibika?

#1 · Mleta mada

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mmoja wa vitabu kuna mtu aliandika kwamba vijana wanaosoma The Hunger Games "wanapenda damu tu", akapita zake. Nikaona hili halijibiki kwa mstari mmoja, bora lipate uzi wake. Tahadhari: nitataja mwisho wa vitabu vitatu vya mwanzo. Ambaye hajasoma na hataki kuharibiwa utamu, arudi akishamaliza.

Kwa wageni: Suzanne Collins, mwandishi wa The Hunger Games, ni Mmarekani aliyewahi kuandika vipindi vya televisheni vya watoto. Kitabu cha kwanza kilitoka Septemba 2008. Nchi inaitwa Panem, imejengwa juu ya magofu ya Amerika ya Kaskazini. Mji mkuu, Capitol, unashiba mpaka watu wanakunywa dawa ya kutapika ili waendelee kula, na wilaya 12 zinauzalishia. Kwa sababu wilaya ziliwahi kuasi, kila mwaka kila moja inatoa mvulana na msichana wa miaka 12 hadi 18. Watoto 24 wanafungiwa uwanjani wauane hadi abaki mmoja, na nchi nzima inalazimishwa kutazama.

Ukisimulia hivyo, ni kweli, inasikika damu tupu. Sasa fungua sura ya kwanza. Kabla hajafa mtu, Collins anakupigisha hesabu.

Mtoto akifikisha miaka 12, jina lake linaingia kwenye kura mara moja. Akifika 13 linakuwa mara mbili, na akifika 18 linakuwa mara saba. Ni ubabe, lakini hadi hapo ubabe ni ule ule kwa wote. Halafu inakuja tessera. Kama kwenu kuna njaa, unaruhusiwa kuongeza jina lako kwenye kura, na kwa kila nyongeza unapewa nafaka na mafuta ya kumsogeza mtu mmoja mwaka mzima, kwa kubanabana. Unaweza kufanya hivyo kwa kila mtu wa nyumbani. Na majina hayafutwi, kila mwaka yanajumlishwa juu ya yale ya nyuma.

Katniss, msichana anayetusimulia kitabu, baba yake kafia mgodini, ana mama na mdogo wake Prim. Alipofika 12 aliingia mara nne: moja ya lazima, tatu za unga. Sasa ana 16, kwa hiyo ana vikaratasi 20. Rafiki yake Gale ana 18 na nyumba yao ina watu watano. Piga mwenyewe: sita kwa mwaka, miaka saba. 42. Binti wa meya, wa rika la Katniss, ana vitano.

Mimi nasema kitabu kiko hapo, uwanjani ni matokeo tu. Hakuna sheria ya Panem inayosema masikini atangulie kufa. Iliwekwa kanuni, ikaitwa hiari, njaa ikamalizia kazi. Na Gale anaona zaidi ya hapo: anasema mpango huu unawafanya watu wa migodini wawachukie wenye maduka, na Capitol inafaidika wakigawanyika. Mtoto wa miaka 13 anaelewa hii bila kufundishwa uchumi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Watu wengi husema kijana anasoma distopia, yaani hizi riwaya za dunia iliyoharibika, kwa sababu anaiogopa kesho. Mimi sioni hivyo. Anaisoma kwa sababu ni mahali pa kwanza anapoonyeshwa kwamba kanuni zinazompanga ziliandikwa na watu, kwa faida ya watu fulani, na hesabu yake anaweza kuifuata kwa vidole. Sisi nyumbani na shuleni tuliambiwa utaratibu ni utaratibu, basi.

Karibuni mnipinge.

#2 · Mpinzani wa kudumu

Mkuu, nondo tamu lakini umejichimbia shimo. Siku ya kura ilitoka karatasi ya nani? Ya Gale mwenye 42? Hapana. Ya Katniss mwenye 20? Hapana. Ilitoka ya Prim, mtoto wa miaka 12, karatasi MOJA kati ya maelfu. Hiyo kanuni yako ya masikini kuumia zaidi mwandishi mwenyewe kaitupa sura hiyo hiyo.

#3 · Mleta mada

Nilijua wewe utakuja na hili, na ndiyo pingamizi zuri kuliko yote.

Angalia Prim alivyobaki na karatasi moja. Katniss alimkatalia asichukue tessera. Alizibeba mwenyewe ili mdogo wake awe salama, alifanya kila ambacho kanuni ilimruhusu kufanya. Kisha kura ikampiga palepale alipodhani amejenga ukuta. Hapo msomaji anajifunza kitu kingine kuhusu utawala wa namna hii: unahitaji mara mojamoja apigwe mwenye karatasi moja, ili wenye 42 waendelee kuamini kura haina ubaguzi.

Na hadithi inavyokwenda, kama angetoka Gale, Katniss angelia kisha akaenda kuwinda. Kwa Prim anajitolea kwenda badala yake.

#4 · Kibanda Umiza

Mimi sijasoma, niliona filamu. Tena ile yenye jamaa anayetafsiri juu ya sauti. Kibanda kizima kilikuwa kinashangilia. Yule dada akifyatua mshale, makelele. Wakifa wale watoto wa wilaya tajiri waliofundishwa kuua, makelele. Sikumbuki hata mmoja aliyesema habari za tessera. Kwa hiyo huyo aliyesema damu tu, kwa upande wa filamu yuko sahihi.

#5 · Mleta mada

Mkuu umenipa kitu bila kujua. Watu wamekaa gizani, wamelipa kiingilio, wanashangilia mtoto akimuua mtoto. Hao ndio Capitol! Collins ameeleza mara nyingi wazo lilivyomjia: alikuwa anabadilisha chaneli usiku, huku vijana wanashindania zawadi kwenye shoo, kule picha za vita vya Iraq, mpaka viwili vikaanza kuchanganyika kichwani. Jina Panem lenyewe ni neno la Kilatini la mkate, kutoka kwa Juvenal, yule mshairi wa Roma aliyewakejeli raia waliouza sauti yao kwa mkate na michezo.

Tatizo la filamu ya 2012, na nasema hivi nikimheshimu sana Jennifer Lawrence aliyemwigiza Katniss, ni kamera. Kitabu kimeandikwa kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo. "Naamka." "Nakimbia." Huna pa kusimama zaidi ya ndani ya kichwa chake. Hujui nani yuko nyuma ya mti, hujui Peeta, mvulana aliyetolewa pamoja naye, anampenda kweli au anaigiza ili watazamaji wawapelekee misaada. Filamu inakutoa humo, inakukalisha upande wa watazamaji, inakuonyesha mpaka chumba cha waendesha mchezo. Tessera imebaki sentensi mbili tatu: Katniss anamuuliza Gale jina lake limo mara ngapi, anajibu 42, mambo yanaendelea. Asiyesoma kitabu hawezi kujua hiyo 42 ni magunia mangapi.

Halafu kuna chakula. Kitabu hiki kina chakula kila baada ya kurasa chache na hakuna mlo hata mmoja wa mapambo. Peeta, mtoto wa mwoka mikate, anaiacha mikate iungue makusudi, anapigwa na mama yake, anaambiwa awatupie nguruwe, anamtupia Katniss aliyekaa chini ya mti kwenye mvua. Au Wilaya ya 11: Rue, mtoto wa huko aliyeungana na Katniss uwanjani, akishakufa, watu wa kwao wanachanga walichonacho na kumtumia Katniss mkate uwanjani. Bei za kutuma vitu mle zinapanda kila siku mchezo unavyosonga. Watu wanaolima chakula cha nchi nzima na wenyewe wanalala njaa, wamechangia mkate kwa mgeni. Nimeshawahi kumsomea mtu ukurasa huo kwa sauti ikabidi nisimame katikati.

#6 · Otaku wa Temeke

Kabla hamjamvika taji, semeni ukweli. Battle Royale ya Koushun Takami, Japani, 1999, filamu 2000. Wanafunzi wanapelekwa kisiwani, wanauana, anabaki mmoja. Mama kanakili.

#7 · Mleta mada

Tuhuma ya zamani hii. Collins amesema hakuwa amewahi kukisikia kitabu hicho hadi alipokuwa ameshakabidhi mswada wake. Unaweza usimwamini, hiari yako. Chanzo anachokitaja yeye ni cha zamani zaidi ya Japani yako na Marekani yake: hadithi ya Theseus, Athens ilivyoshindwa na Krete ikawa inatoa vijana wa kiume saba na wa kike saba waliwe na Minotauro. Kutoa watoto kama kodi ya kushindwa vita, hilo halina hatimiliki.

Mimi nimesoma vyote viwili. Kile cha Takami ni kikali zaidi, na kinawapa wanafunzi wengi kila mmoja hadithi yake kabla hajafa. Lakini mle huwezi kujua unga unagharimu nini.

#8 · Mwalimu wa zamu

Niko sekondari ya kutwa, nafundisha Kiingereza na nasimamia kabati la vitabu tunaloliita maktaba kwa heshima. Nikubaliane na mleta mada nusu.

Wasichana wangu wa kidato cha pili kitabu kinachowaendesha mbio si hicho, ni Divergent ya Veronica Roth, ya 2011. Chicago imegawanyika makundi matano kwa tabia: wajasiri, wasomi, wakweli, wapole, na wanaojinyima kwa ajili ya wengine. Ukifika miaka 16 unapimwa, kisha mbele ya watu wote unajikata kiganja na kudondosha damu kwenye bakuli la kundi unalolichagua. Ukichagua tofauti na wazazi, umewaacha. Wakati wa mapumziko nawasikia: "Wewe ungeenda kundi gani?" Wanabishana mpaka kengele.

Kwa hiyo, mkuu, mtoto anataka na kuulizwa yeye ni nani. Hesabu ya unga peke yake haitoshi.

#9 · Jirani wa Kenya

Mwalimu amegonga ndipo. Sisi tulikalia KCPE, ya mwisho ikafanywa 2023. Mtihani mmoja darasa la nane, alama zinatoka, wewe shule ya kitaifa, wewe ya kutwa, na kijiji kizima kinajua kabla jua halijatua. Niliposoma Divergent nikiwa kidato cha tatu sikuona Chicago hata kidogo. Niliona ile siku ya matokeo, mama ameshika simu na hataki kuniangalia usoni.

#10 · Mleta mada

Nashukuru nyote wawili, ila hapa ndipo ninapogombana na Divergent.

Roth aliandika kile kitabu akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Northwestern, na kwa sababu hiyo anaijua vizuri hofu ya kuchagua ukiwa mdogo. Bakuli na kisu ni onyesho zuri sana, sibishi. Lakini kipimo cha makundi kinambembeleza msomaji. Kinamwambia: wewe ni mjasiri, au wewe ni wa pekee, huingii kundi lolote. Kura ya Panem haimwambii Katniss kwamba ni wa pekee. Inamwambia ana thamani ya mafuta na nafaka za mwaka mmoja mara kadhaa.

Baada ya 2012, filamu ya kwanza ilipoingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani, kila mchapishaji alitaka ya kwake. Tukaletewa ukuta, mtihani, msichana wa miaka 16 asiyejijua kuwa mzuri, wavulana wawili wanaomtaka, na serikali mbaya ambayo hujui inakula nini. Waliiga makundi na kura, njaa wakaiacha. Soko lilichoka haraka. Filamu ya Allegiant ya 2016, ya tatu katika mfululizo wa Divergent, ilifanya vibaya kiasi kwamba ya nne, iliyokuwa imeshatangazwa, haikutengenezwa kabisa. Wasomaji wameachwa na hadithi isiyo na mwisho kwenye skrini, na wengi wala hawakulalamika.

Kuna wanaosema wimbi lile lilitokana na mdororo wa uchumi. Ni kweli benki ya Lehman Brothers ilianguka Septemba 2008, mwezi uleule kitabu kilipotoka, tena siku moja baada yake. Lakini kitabu kilikuwa kimeshaandikwa. Mdororo haukukizaa, uliwatayarisha wasomaji: vijana Wamarekani waliowaona wazazi wao wakipoteza nyumba kwa karatasi za mikopo walizosaini wenyewe, kwa hiari.

#11 · Mzee kijana

Mimi nina miaka 38 na bado navisoma. Msitutenge.

#12 · Mleta mada

Hauko peke yako, mkuu. Utafiti wa Bowker, kampuni ya takwimu za vitabu, wa 2012 huko Marekani ulikuta asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vya vijana wana miaka 18 au zaidi.

#13 · Mchonganishi

Niseme ambalo wote mnalikwepa. Watoto wanachukuliwa kwa nguvu, watu wanachimba makaa ya mgeni, wanalima wasichokula, wanakatazwa kuvuka mpaka wa wilaya yao. Hiyo ni historia ya babu zangu. Mzungu kaichukua, kambandika msichana wake, kaiita "kesho", mnalipa kuisoma.

#14 · Mleta mada

Hii sitaikimbia, ina ukweli mkubwa. Wilaya ya 11 yenyewe imechorwa kutoka Kusini ya Marekani ya mashamba na viboko: walinzi wenye silaha, uzio, watoto juu ya miti wakichuma matunda. Rue kwenye kitabu ana ngozi ya kahawia iliyoiva, imeandikwa wazi. Na bado 2012, Amandla Stenberg alipoonekana kwenye filamu, wasomaji kadhaa walijaa Twitter wakilalamika kwamba Rue amefanywa mweusi. Walikuwa wamemlilia kwenye karatasi bila kumwona. Kwa hiyo ndiyo, unaweza kuikodisha historia ya mtu na mpangaji asijue nyumba ni ya nani.

Ila usiseme sisi hatuna za kwetu. Katama Mkangi alitoa Walenisi 1995: Dzombo anahukumiwa kufa katika nchi ya dhuluma, anarushwa ndani ya chombo, anafika nchi ambako mambo yamepangwa kinyume kabisa. Na Mkangi hakuwa anabuni serikali mbaya kutoka hewani, aliwahi kuwekwa kizuizini Kenya miaka ya 1980. K. W. Wamitila ana Bina-Adamu! ya 2002. Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi, watu wanaishi ndani baada ya maji kuisha, hata jasho linachujwa na kunywewa, na msichana mmoja anaamua kutoka nje na mche mkononi.

Tulichokosa ni umri. Riwaya zetu za namna hii zinamwandikia mtu mzima anayependa fumbo, au zinaishia kwenye mtihani ambako mwanafunzi anaulizwa "jadili dhamira". Hakuna anayemwandikia binti wa miaka 14 kwa wakati uliopo, tumbo likiunguruma.

#15 · Jirani wa Kenya

Kwa waliosema ni hadithi tu, mbona hamtaji vidole vitatu? Thailand 2014 baada ya jeshi kupindua serikali, waandamanaji waliinua vidole vitatu kama kwenye filamu, na watawala wakaonya kwamba atakayefanya hivyo atakamatwa. Wanafunzi walizuiliwa kwa kumwinulia mkono Prayuth mwenyewe, kiongozi wa mapinduzi yale. Myanmar 2021 vilevile, hadi balozi wao Kyaw Moe Tun akaviinua pale Umoja wa Mataifa.

#16 · Mleta mada

Na angalia walichokichagua. Kwenye kitabu ile si salamu ya vita. Ni ishara ya zamani ya Wilaya ya 12, inaonekana msibani: asante, nakuheshimu, kwaheri. Umati unaiinua Katniss anapojitolea, pale walipotakiwa kupiga makofi. Walikataa kushangilia, ndilo lililokuwa kosa lao. Vijana wa Bangkok walisoma vizuri kuliko kile kibanda.

#17 · Mama wa wawili

Nimewasoma kimya tangu juzi. Binti yangu ana 12 na ameniomba vyote vitatu kwa mpigo. Nimpe?

#18 · Mleta mada

Dada, cha kwanza mpe, na usome naye. Cha pili pia. Cha tatu, Mockingjay cha 2010, ningesubiri mwaka mmoja au miwili.

Sababu siyo damu. Cha tatu kinakataa kumfurahisha msomaji. Katniss amevunjika, analala kwenye makabati, anasahau maneno. Prim, ambaye hadithi yote ilianza kwa ajili yake, anakufa kwa bomu lililotegwa kwa ujanja: linalipuka la kwanza, waokoaji wakikimbilia watoto, linalipuka la pili. Na dalili zote zinaonyesha huenda lilitoka upande wa waasi. Kisha Coin, kiongozi wa waasi, anapendekeza mchezo mmoja wa mwisho, safari hii kwa watoto wa Capitol. Katniss amepewa mshale amuue Snow, dikteta wa zamani. Anaugeuza, anamuua Coin.

Wasomaji wengi walikichukia. Mimi nakiweka juu ya vingine, kwa sababu pale unaona kanuni ile ile ikiandikwa upya na mkono mpya. Mtoto wa miaka 12 ataelewa kilichotokea. Kupata usingizi baada ya kukisoma ni jambo lingine.

#19 · Mpinzani wa kudumu

Hapo kwenye Coin nakupa. Ila Peeta simpendi na sitampenda.

#20 · Kibanda Umiza

Haya mmenishawishi. Naanza na kipi? Naona kuna vya karibuni pia.

#21 · Mleta mada

Anza na cha 2008, halafu 2009, halafu 2010. Usimsikilize anayekwambia uanze na The Ballad of Songbirds and Snakes ya 2020 eti kwa kuwa matukio yake ni ya zamani zaidi. Kile ni ujana wa Snow, na ukimjua akiwa mwanafunzi mwenye njaa kabla hujamjua akiwa rais, utamhurumia mapema mno. Cha 2025, Sunrise on the Reaping, ni cha ujana wa Haymitch, mshauri wa Katniss na Peeta, mwaka walipochukua watoto 48 badala ya 24. Kisome mwisho. Na ukifika sura ya kwanza ya kile cha 2008 usiruke ile aya ya hesabu, chukua kalamu.